Baba Anauza Shamba la Mwisho kwa Ajili ya Digrii ya Muziki, na Shahidi Wake Ni Mimi

Admin, nifichie jina tafadhali, maana ukoo mzima umo humu, hadi mama mchungaji. Wapendwa, mimi ni dada wa miaka thelathini na moja, mzaliwa wa Mamba huko juu milimani, ila kwa sasa naishi Same mjini. Sijaolewa, sina mtoto, nina digrii ya muziki. Mnaotaka kucheka chekeni sasa, mkimaliza tuendelee.

Nimekulia kwenye kwaya. Nikiwa kidato cha pili tayari nilikuwa napiga kinanda ibadani. Nilipopata chuo nikakosa mkopo, usharika ulinifanyia mnada baada ya ibada. Wanaojua minada yetu wananielewa: kuku mmoja aliuzwa mara nne siku ile, kila anayemnunua anamrudisha mezani, "Auzwe tena, mtoto asome!" Nililia mbele za watu. Lakini kuku hawezi kulipa ada ya miaka mitatu, kwa hiyo baba akauza shamba la tangawizi lililo chini ya ndiva, lile bwawa letu la kumwagilia, shamba lisilojua kiangazi. Likabaki moja la juu, analolima mama.

Nilimaliza vizuri tu. Kazi ndiyo sikuiona. Kila shule niliyobisha hodi ilitaka mwalimu wa Hisabati au Fizikia. Mwishowe shule moja binafsi ikanichukua nifundishe muziki. Nilipompigia baba simu alipiga kigelegele, mwanaume mzima! Jumapili yake akasimama kanisani kutoa sadaka ya shukrani. Mwaka mmoja na nusu baadaye wazazi wa wanafunzi wakalalamika kwamba watoto wanaimba wakati mtihani uko mlangoni. Kipindi kikafutwa, na mimi nikafutwa nacho.

Hapo ndipo nilipokosea. Sikumwambia baba. Nilijisemea nitamwambia nikipata kazi nyingine, na hiyo nyingine haikuja. Nikafungua kibanda cha uwakala wa kutuma na kutoa pesa karibu na soko, na ndicho kinachonilisha mpaka leo. Muziki ni harusi mbili tatu kwa msimu, tena MC akikumbuka kunilipa. Kwaya ndiyo usiseme. Nikitaja malipo naambiwa, "Dada, wewe si wa kwetu? Kuku wako tulimnunua sisi." Nijibu nini hapo?

Kila mwezi natuma nyumbani elfu themanini, na baba anawatangazia watu kuwa ni mshahara wa muziki. Akishuka mjini nampokea stendi, nampeleka kula upande mwingine wa mji, halafu namrudisha kwenye gari. Miaka mitano nazunguka na mzee wa watu asikione kibanda. Nimechoka jamani, nimechoka hadi kuchoka kwenyewe.

Sasa mdogo wangu amemaliza kidato cha sita. Anataka kusoma muziki, kilekile nilichosoma mimi. Mkopo hana uhakika nao. Baba ameshapata mteja wa lile shamba la juu. Mama aliponung'unika, baba akamwambia, "Unaogopa nini? Dada yake si anakula kwa muziki? Jumamosi atapanda, atuambie mbele ya ukoo kama unalipa au haulipi. Akisema unalipa, nasaini."

Wiki iliyopita huyo mdogo wangu alishuka mjini bila kuniambia. Nikiwa namhesabia mteja pesa, nikasikia, "Dada, mbona umekaa kwenye kibanda cha watu?" Nikamwambia ni changu. Akatazama zile karatasi za miamala ukutani, akatazama chini ya meza nilikoweka kinanda kimefunikwa kanga. Nilidhani ataghairi. Wapi! Aliniambia hivi, nanukuu: "Usimwambie baba. Jumamosi sema tu unalipa. Mimi siwezi kuwa kama wewe."

Iliniuma, sitaki kuwadanganya. Kinachouma zaidi ni kwamba inawezekana ana haki. Kinanda nilimfundisha mwenyewe, na sasa ananizidi mbali. Akiimba kanisani hata wazee wanaosinziaga wanainua vichwa. Nikisema ukweli, namfungia mlango ambao mimi nilifunguliwa na kijiji kizima. Nikisema unalipa, mama anabaki bila pa kulima, na miaka mitatu mbele nitakuja kumtafutia mdogo wangu kibanda jirani na changu.

Kuna mtu ataniuliza kama najuta kusoma muziki. Sijuti. Zile siku nilizokaa kwenye kinanda chuoni nilikuwa mtu kamili. Ninachojutia ni lile shamba la chini ya ndiva, maana kila nikipanda nyumbani nalipita, naona tangawizi ya watu wengine imestawi, na baba hageuzi hata shingo kulitazama. Hajawahi kunisimanga. Afadhali angenisimanga.

Wahenga walisema mficha uchi hazai, ndiyo maana nimejifunua kwenu. Nilikuwa nimeshaamua kusema ukweli, halafu jana mama akanipigia. Mama si mtu wa maneno mengi. Alisema, "Mwanangu, mimi mambo ya vyuo siyajui. Mwenye shamba mpya akija atakuta mbegu zangu za tangawizi ardhini, na sitaki kumwachia. Nimeshaazima magunia. Wewe ndiye uliyesoma, niambie tu, nizichimbe au niziache?"

Nikamwambia mtandao unasumbua, nikakata simu. Mtandao haukuwa na shida yoyote. Leo ni Alhamisi, amepiga tena mara mbili, sijapokea. Ndugu zangu, nikipokea nimwambie nini?