Mpishi wa Mwalimu Kolini

Ndululu alikuwa mpishi. Wanaume wa rika lake pale Kathonzweni walijulikana kwa ng'ombe wao, ama kwa kesi za mipaka ya mashamba, lakini yeye alijulikana kwa mkono wake. Ujana wake aliumalizia jikoni kwa mlowezi mmoja upande wa Konza, na huko ndiko alikojifunza kuoka mkate. Mlowezi alipouza ng'ombe baada ya uhuru na kwenda zake, Ndululu aliteremka Emali, akaandikwa kwenye hoteli ya Kahiga, mtu wa Nyeri aliyekuwa akiuza chakula kando ya barabara ya Mombasa. Madereva wa malori walipapita pengine pote wasimame pale, kwa sababu ya nyama yake na chapati zake. Nyumbani alifika mwisho wa mwezi tu, analala siku moja au mbili, kisha anamwachia mkewe Syombua shamba na mbuzi, anarudi kazini.

Mwaka wa sabini na nne, chifu wao, Muthama, alimshika mkono nje ya kanisa.

"Shule yetu ya harambee inaletewa mwalimu Mzungu," alisema. "Ni wa kujitolea, kutoka Uingereza. Atakuja kwanza kuona mahali, akae siku mbili hivi, arudi Nairobi kumaliza masomo yao ya lugha, halafu ndio aje kukaa. Sasa Mzungu atakaaje bila mpishi? Na mpishi ni nani hapa, kama si wewe?"

Ndululu alitembea kwenda nyumbani siku hiyo kama mtu aliyevishwa kitu. Kupika nyumbani kwao! Kulala kwake kila siku, kuamka na kuona mbaazi zake zikichanua. Syombua alipoambiwa, jioni hiyo alimchinjia kuku.

Kahiga hakufurahi. "Mzee, huyo Mzungu umeongea na yeye?"

"Chifu ameongea."

"Chifu ameongea na wewe. Na Mzungu ameongea na nani? Ngoja kwanza aje. Kazi yako iko hapa, haitoroki."

Ndululu alidhani ni maneno ya tajiri anayeogopa kupoteza mfanyakazi. Alifunga visu vyake kwenye gunia, akakunja aproni yake nyeupe, akaaga.

Alijitayarisha kama mtu anayemwoza binti. Alitafuta pipa la mafuta, akalikata, akalilaza nyuma ya nyumba aliyotengewa mwalimu, akalizungushia mawe na udongo mpaka likawa jiko la kuokea. Mkate wa kwanza uliungua. Wa pili ukakataa kuumuka. Wa tatu ulitoka vizuri, akaupeleka kwa Wahome, mwalimu mkuu, naye akala nusu yake akiwa amesimama.

Siku ya mgeni watu walijaa uwanjani tangu asubuhi. Kwaya ya akina mama ilikuwa na nyimbo zake, Chifu Muthama alikuwa na hotuba yake. Mzungu alifika mchana, amebebwa na gari la shule jirani, mwembamba, shingo imebabuka kwa jua, na mkoba wake ameubeba mwenyewe mgongoni. Jina lake lilikuwa Colin, na kabla ya hotuba kwisha alikuwa amekwisha kuwa Kolini. Alisalimia kila mtu kwa mkono, "Wi museo, wi museo," kwa Kikamba, hata watoto, na watu wakacheka kwa raha.

Ndululu hakuwako kwenye salamu hizo. Alikuwa jikoni akitoa jasho. Chakula kilipoitishwa alitoka na aproni yake, sinia mikononi: supu, kuku wa kuokwa, viazi, na mkate juu ya kitambaa. Akamwandalia mgeni kwenye meza ya heshima.

Kolini alikitazama chakula kile, kisha akatazama chini ya mti wa muuku, ambako akina mama wa kwaya walikuwa wamezunguka sufuria za muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na kupikwa na maharagwe. Aliuliza Wahome jambo kwa Kiingereza. Kisha akainuka, akaenda kuketi kwenye nyasi pamoja na akina mama, akapewa sahani, akala muthokoi. Vigelegele vilipigwa. Chifu alicheka mpaka akajifuta machozi. Ndululu alibaki kando ya meza na sinia lake, na wanakamati wa shule wakaanza kumsogelea yule kuku.

Baadaye Wahome alimwita Ndululu ili amjulishe kwa mgeni. "Huyu ndiye atakuwa mpishi wako."

Kolini alisimama wima. Alikuwa amejifunza Kiswahili wiki chache tu, na alikitoa neno moja moja, kwa uangalifu, kama mtu anayevuka mto juu ya mawe. "Asante, mzee. Lakini mimi sitaki boi. Mimi napika mwenyewe. Mimi nataka kuishi kama watu."

Alisema hayo akitabasamu. Pengine alikuwa ameyafanyia mazoezi njiani. Pengine kwao ilikuwa ni heshima kubwa kumwambia mtu hivyo. Lakini Ndululu alikuwa na miaka zaidi ya hamsini, na neno hilo la boi alikuwa hajaitwa tangu Konza. Alivua aproni, akaikunja mara nne, akaondoka bila kuaga mtu.

Usiku ule, inaonekana, Wahome alimweleza mgeni wake mambo yalivyokuwa, kwamba mzee ameacha kazi Emali kwa ajili yake. Maana kesho yake asubuhi Ndululu, akiwa anakata matawi ya uzio, alimwona Kolini kwa mbali akija peke yake kupitia shamba la mbaazi, akiulizia njia kwa kila aliyekutana naye. Ndululu aliingia nyumbani haraka.

"Mwambie nimeenda Emali," alimwambia Syombua.

"Mtu ametoka mbali hivyo, mimi nimdanganye?"

"Mwambie."

Syombua akamwambia. Mgeni alipewa kigoda na uji kwenye kibuyu, akanywa wote. Ndululu alikuwa nyuma ya mlango wa ndani, karibu hivi kwamba alisikia anavyomeza.

"Mama," Kolini alisema, "mimi nimekosa. Neno langu lilikuwa baya. Mwalimu mkuu ameniambia." Akatafuta maneno mengine. "Jana jioni nilikula ule mkate. Mama yangu anapika mkate kama huo. Mwambie mzee pole. Mwambie mimi nataka kuongea na yeye, tupange kitu."

"Nitamwambia," Syombua alijibu.

Kulikuwa na mlango wa mbao tu kati yao. Ndululu aliweka mkono kwenye komeo. Aliwaza atasema nini akitokea sasa, baada ya kuambiwa yuko Emali. Aibu ya kwanza ilikuwa imezaa ya pili. Akautoa mkono. Alisikia kigoda kikisogezwa, asante mbili tatu, kisha nyayo.

Syombua aliingia, akamtazama, akarudi kuosha kibuyu.

Ndululu alirudi kwa Kahiga. Jikoni alikuta mpishi mwingine, kijana kutoka Mbumbuni aitwaye Musembi. Kahiga hakumcheka wala hakumkumbusha lolote. Alimpa kazi ya mandazi ya alfajiri na kuosha sufuria, na Ndululu akaishika, kwa kuwa hapakuwa na nyingine.

Kolini alikuja kukaa, kama alivyoahidi, akafundisha hesabu miaka miwili. Syombua alimpenda. Alimpelekea kunde, naye akawa anakuja kumsaidia kuchota maji mtoni. Kila Ndululu alipofika nyumbani alikuta habari zake, Kolini kasema hivi, Kolini kauliza mzee anarudi lini. Naye Ndululu, akienda kanisani, alizunguka kwa njia ya mbali ili asipite karibu na shule.

Walikutana mara moja tu, mwaka wa pili, siku ya soko, wakati mvua ilikuwa imekataa na watu wamejipanga kusubiri mahindi ya msaada. Ndululu aligeuka akamkuta uso kwa uso.

"Wewe ni Mzee Ndululu, sivyo?" Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka sasa.

Na kinywa cha Ndululu kikajibu chenyewe: "Hapana. Mimi ni ndugu yake."

Kolini alimtazama kitambo kirefu. Hakucheka. "Haya," alisema polepole. "Basi mwambie ndugu yako, lile jiko lake nalitumia kila Jumamosi, na kila Jumamosi mkate unaungua. Mwambie aje anionyeshe. Siyo kazi. Aje kama mgeni wangu, tunywe chai."

"Nitamwambia."

"Mwambie nitamngoja."

Ndululu alikwenda nyumbani na ujumbe ule, na hapakuwa na wa kumpa isipokuwa nafsi yake. Jumamosi iliyofuata alikuwa Emali. Nyingine alikuwa nyumbani, alioga, akavaa koti, akafika mpaka kwenye ua wa shule. Alisikia kicheko cha watu ndani, akageuka. Alijiambia atakwenda siku ambayo hakuna wageni. Desemba shule zilipofungwa, Kolini, miaka yake miwili ikiwa imekwisha, akarudi kwao.

Hoteli ya Kahiga ilifungwa miaka ya themanini, na Ndululu akarudi Kathonzweni kukaa, jinsi alivyotaka siku zote, isipokuwa sasa macho yalikuwa yamefifia na mgongo umepinda. Mchana mmoja wameketi yeye na Syombua wakichambua pojo, akasema bila kuulizwa:

"Ningetoka tu nyuma ya mlango siku ile nimwambie karibu."

"Ndiyo," Syombua alisema. "Ungetoka."

Ndululu alingoja aongeze neno la kumpoza. Syombua alitoa jiwe dogo kwenye ungo, akalitupa uani, akaendelea na kazi, naye Ndululu akavuta ungo wake karibu zaidi ili aone vizuri.