Kikombe Kilichobaki Msumarini

Siku yangu ya kwanza kazini hendeli ilinivunja kidole gumba. Hendeli ni chuma kilichopinda tulichokichomeka mbele ya lori na kukizungusha ili injini iwake, na injini ikikataa hukirudisha kile chuma kwa nguvu za ajabu. Mwenye kujua hukishika bila kukizungushia gumba. Mimi nilikikamata kama mpini wa jembe, maana jembe ndilo nililolijua huko kwetu Kisarawe. Nyapara Kondo, mkuu wa wafanyakazi wote Waafrika pale, alikitazama kidole changu kikivimba, akasema, "Haya, umeshaandikwa kazi. Kaoshe vikombe."

Hapo palikuwa Kibaha, enzi za Mwingereza, kwenye karakana ya miti na mabati kando ya barabara ya Morogoro. Mwenye mali alikuwa Mzungu tuliyemwita Bwana Mkubwa, mtu mrefu, mwenye hasira za karibu. Biashara yake vijana wa leo mtaiita utalii, lakini sisi hatukuwa na jina la jambo lile. Wazungu walijileta wenyewe, wakapakiwa nyuma ya malori kama magunia ya muhogo, wakapelekwa kusini siku nyingi kulala chini ya turubai na kuumwa na mbung'o, kisha wakarudi wanacheka. Nilipoelewa kwamba hakuna aliyewahukumu, kwamba ni hiari yao, nilishtuka kweli kweli. Mama yangu nilipomsimulia alidhani nimejifunza uongo mjini.

Tulikuwa na malori mawili. Tulikata kusini Mlandizi, tukapita Mzenga na Maneromango, mpaka Vikumburu ambako nyumba ziliishia. Mbele ya hapo ilikuwa miombo na makorongo ya mchanga hadi Rufiji, kisha tukavuka mto kuelekea Lindi. Penye mchanga tulitandika mabao chini ya magurudumu, lori likapita, tukayaokota na kukimbia nayo mbele kuyatandika tena. Penye maji, utingo, yaani msaidizi wa dereva, alitangulia kwa miguu na fimbo. Maji yakimvuka kiuno, lori haliingii.

"Na mamba je?" nilimuuliza Nyapara mara ya kwanza.

"Ndiyo sababu unatangulia wewe," akanijibu, wala hakucheka.

Sasa nieleze habari ya vikombe, maana ndiyo iliyonifanya nishike kalamu. Kwetu, wakati ule, mtu hahesabiwi. Ukimuuliza mama ana watoto wangapi atakwambia Mungu kamjalia, basi. Kuwanyooshea watu kidole, mmoja, wawili, watatu, ilikuwa sawa na kukielekeza kifo mahali walipo. Nyapara Kondo alikuwa mzee wa Kizaramo mwenye msimamo, na asingehesabu watu hata kwa bakora. Lakini safari ya porini inataka kujua kama wote wapo. Kwa hiyo alipigilia ubao nyuma ya lori la pili wenye misumari kumi na miwili. Kila Mzungu alipewa kikombe cha bati chenye uzi wa rangi yake kwenye mkono wa kikombe. Asubuhi tukivunja kambi, mtu alikunywa chai yake, akasuuza kikombe mwenyewe, akakitundika, ndipo akapanda. Misumari ikijaa, watu wametimia. Bwana Mkubwa akiuliza kutoka lori la mbele, "Wote wapo?" Nyapara alitupa jicho ubaoni na kuitikia, "Wote wapo, Bwana." Yule Bwana alidhani tunahesabu.

Katika safari moja alikuwamo mama wa Kizungu, mzee wa makamo ya bibi yangu, aliyekaa miaka mingi Tanga na kusema Kiswahili vizuri. Tulimwita Bibi Darubini kwa sababu darubini haikumtoka shingoni. Alipenda ndege. Alimsalimia kila mtu, na alikuwa anapanda lori lolote, leo la mbele, kesho la nyuma, kadiri alivyoona ndege wako upande gani.

Siku ya nne, siku moja kabla ya kufika Rufiji, nilikuta kikombe chake juu ya gogo, kimebaki na chai kidogo chini. Uzi wa buluu. Mwenyewe sikumwona. Nikajisemea, mama mtu mzima kama huyu anajioshea kikombe na mimi kijana nimesimama, haya iko wapi? Nikakiosha vizuri, nikakifuta, nikakitundika kwenye msumari wake. Nilijiona nina adabu sana.

Nyapara akaja, akatupa jicho. "Vimetimia?"

"Vimetimia."

Tukaondoka. Walio lori la mbele walidhani yuko la nyuma, na sisi wa nyuma tulidhani yuko la mbele.

Adhuhuri tulisimama kwenye korongo lenye kivuli. Niliteremsha birika, nikatia chai, Wazungu wakaja mmoja mmoja kuchukua vikombe vyao. Mimi nikawa namimina tu bila kuinua macho. Nilipoinua, watu wote walikuwa wanakunywa, na ubaoni kilibaki kikombe kimoja kinaning'inia. Uzi wa buluu.

Birika lilinitoka mkononi. Chai ya moto ilinimwagikia mguuni, na wallahi sikuihisi. Nyapara alilisikia birika, akageuka, akatazama ninapotazama, na uso wake ukawa kama majivu.

"Kikombe hiki alikitundika nani?"

"Mimi, mzee."

Hakunipiga. Alikwenda mwenyewe kumwambia Bwana Mkubwa, na kelele za yule Bwana sitaziandika hapa. Tuliwaacha abiria na lori moja, tukageuza la pili. Njia iliyotuchukua asubuhi nzima tuliirudia kwa mwendo ambao lori lile halikuumbwa nao. Nilikuwa nyuma nimeshikilia vyuma, nasoma kila dua niliyofundishwa chuoni, na kati ya dua na dua naona nyayo za simba kichwani mwangu. Karibu na kambi yetu kulikuwa na simba. Usiku uliopita sote tuliwasikia wakinguruma.

Tulifika jua limekwisha kuinama. Juu ya jivu la moto wetu kulikuwa na alama za nyayo mbichi, pana kuliko kiganja changu. Kofia ya Bibi ilikuwa chini. Bwana Mkubwa aliishika bunduki lakini risasi zilimwanguka alipotaka kuzitia, na hilo lilinishtua kuliko nyayo, kwa sababu sikujua kwamba naye anaweza kuogopa. Nikakaa chini pale pale nikalia kama mtoto.

"Msipige kelele," ikasema sauti kutoka juu. "Wako majini, pale chini. Watano."

Alikuwa juu ya kichuguu kirefu, ameukumbatia mti ulioota katikati yake, miguu pekupeku inatoka damu, darubini shingoni. Tulimteremsha kwa turubai. Alikunywa maji mengi, akasema asubuhi alimfuata ndege porini na aliporudi malori hayapo, kisha akaomba kuonyeshwa aliyekitundika kikombe. Nikasogea.

"Kwa nini hamkunihesabu tu?" aliniuliza kwa upole.

Nikamweleza yote, kwamba kwetu watu hawahesabiwi, tunaogopa wasije wakafa. Akaichukua kofia yake, akaikung'uta vumbi.

"Kwa hiyo mliniacha kwa simba kwa kuogopa nisife?"

Nyapara Kondo aliyekuwa nyuma yangu akainamisha kichwa, na sikuwahi kumwona akiinamisha kichwa mbele ya mtu. Bwana Mkubwa alisema nitembee kwa miguu hadi Kibaha, kazi yangu imekwisha. Bibi akamwambia, "Hapana. Huyu atanihesabu mpaka Lindi, kwa kidole na kwa sauti."

Kesho yake asubuhi, tumekwisha kuwarudia wenzetu korongoni, nilisimama nyuma ya lori. Nilinyoosha kile kidole gumba cha hendeli, kilichopona kimepinda, jasho likinitiririka, nikasema, "Mmoja." Nyapara alikwenda mbali, akatugeuzia mgongo. Nilipofika kumi na wawili hakuna aliyeanguka. Tangu hapo nilihesabu watu katika kila safari, nikiwa utingo, nikiwa dereva, na nikiwa nyapara mwenyewe baada ya mzee Kondo kupumzika.

Lakini nyumbani sikuhesabu mtu kwa kidole wala kwa sauti. Nilipostaafu na kurudi Kisarawe nilimkuta mke wangu, Mama Mwajuma, na desturi zake zote, nami nilimheshimu. Nilijiambia kazi imekwisha, niache na mambo ya kazi. Ila mwili haustaafu. Mpaka leo nikiona vikombe vyote vimeoshwa na kutundikwa, moyo hunidunda.

Idi iliyopita wanangu walikuja na wajukuu kutoka Kibaha kwa lori la kukodi. Jioni wakapanda kuondoka, vifijo na nyimbo. Nikapita jikoni, nikaona vikombe vyote viko msumarini. Nikatoka mbio na fimbo yangu, dereva ameshawasha injini, nikasimama nyuma ya lori na kunyoosha kidole.

"Mmoja. Wawili. Watatu."

"Baba Mwajuma!" mke wangu akapiga ukelele. "Unawahesabu watoto kama mbuzi? Unawatakia nini?"

Sikunyamaza. Walipofika nilikuwa nimewahesabu kimoyomoyo, na sasa alipungua mmoja. Nilimpigia dereva bodi kwa fimbo mpaka akazima. Tukaita, tukatafuta. Zuhura, mdogo kuliko wote, alikuwa amelala kivulini chini ya lori, kati ya magurudumu ya nyuma, na nguo yake mpya ya Idi.

Mama Mwajuma ndiye aliyeingia chini kumtoa. Alimpakia kwa mikono yake, akabaki ameshika ubavu wa lori. Kisha akanigeukia.

"Hesabu tena," akasema.