Samaki Watatu na Klori ya Kituku

Sikumaliza shule ya musingi, lakini mtaa wetu wote wa Katoyi ni mimi peke yangu niliye na akwariamu saluni, pale tunapopokea wageni. Samaki wangu watatu wekundu wameponea waasi na volkano pamoja nami.

Juzi maji ya bomba yalikatika, nikaenda mwenyewe kuchota ziwani Kituku. Pale jirani yangu Mama Zawadi hutia klori kwa seringe ndani ya kila bidoni ya maji, kuua vijidudu vya kolera. Nikamwambia, "Mimi unitilie mara mbili, mama. Mimi si mutu wa dozi moja."

Nilipobadilisha maji, samaki wakaanza kuhema juu juu. Nikaongeza bidoni ya pili, wakalala ubavu. Nikajua kila kitu: ni gesi ya volkano! Nikatoka barabarani nikipiga kelele. Majirani, ambao hawajasahau mulima ulivyowaka, wakabeba watoto na magodoro.

Mama Zawadi akaingia, akanusa akwariamu.

"Papa Bahati, haya maji si yale ya klori mara mbili?"

"Ndiyo yale."

"Kwani samaki wako wanaumwa kolera?"

Akakimbia kuleta maji ya mvua kutoka pipa lake, tukawahamishia samaki ndani ya beseni. Polepole mukia mumoja ukapiga, kisha wote watatu. Nikashukuru Mungu, nikageuka: mulango umejaa watu, magodoro kichwani.

"Papa Bahati," muzee mumoja akasema, "volkano yako imezimika. Sasa kuja uturudishie magodoro nyumbani."