Mafuta Yakiisha

Kisasi changu nilikilea miaka mingi, na sijawahi kukitubia.

Miaka ya sabini nilikuwa kidato cha tatu hapa Isiolo. Siku moja mwalimu wa fizikia alikokotoa ubaoni roketi ingepanda hadi wapi. Alipiga hesabu ya wakati mafuta yanawaka, akapata kimo, akachora mstari chini ya jibu. Niliinua mkono nikasema roketi haisimami mafuta yakiisha. Bado ina mwendo, kwa hivyo kuna kimo cha pili cha kujumlisha. Nyumbani Korbesa tulichunga mbuzi kwa kurusha jiwe juu ya kundi zima, lianguke mbele ya beberu anayeongoza, naye ageuke. Jiwe likishatoka mkononi halina wa kulisukuma, na bado linapanda.

"Wewe enda kwa sufuria," akasema. "Hesabu yako iko huko."

Darasa likacheka. Wiki hiyo hiyo akanitoa kwenye fizikia, akanipeleka upishi na ushonaji. Fizikia nikajisomea mwenyewe, kwa hasira, na mtihani nikaupita.

Miaka ya themanini nikawa mwalimu wa somo hilo hilo, na binti yake akaletwa darasani kwangu. Mungu si Athumani. Nilimfundisha yule msichana kama mtu anayenoa kisu.

Siku ya wazazi niliandika swali lile lile ubaoni, nikamkaribisha baba yake, mwalimu mzoefu, atuonyeshe njia. Alikuja akitabasamu. Alipiga hesabu ya wakati mafuta yanawaka, akachora mstari chini ya jibu. Wazazi wakapiga makofi.

Nikauliza wanafunzi kama kuna mwenye swali. Sikuwa nimempanga binti yake, sikuhitaji. Aliinua mkono, macho chini kwa heshima.

"Baba, samahani. Hiyo roketi bado inapanda."

Akaenda ubaoni, akaandika kimo cha pili chini ya mstari wa baba yake. Kilikuwa kikubwa kuliko cha kwanza. Mzee alirudi kwenye benchi na chaki yangu mkononi. Nilifurahi, sifichi.

Wakati wa chai alinifuata pale nilipokuwa nikiwagawia wageni kutoka kwenye sufuria kubwa.

"Mwalimu, kwani tumewahi kuonana?"

"Ndiyo," nikamwambia. "Mimi ndio ule ulituma kwa sufuria."

Nikachota humo humo, nikamjazia kikombe.