Majibu Safi ya Minza

Minza alikuwa mpika chapati pale stendi ya Bariadi, na tumbo lake lilikuwa halimheshimu hata kidogo. Lilimkurupusha katikati ya wateja, akaiacha chapati iungue kwenye kikaango, akakimbia kama mtu aliyesahau mtoto ndani ya basi. Mwaka wa pili huo. Amekonda, damu imepungua, na dawa za minyoo amemeza mpaka minyoo yenyewe, kama ilikuwepo, ilishahama mkoa.

Daktari Constantine ndiye aliyehisi kitu kingine. Alimweleza kwamba wapo watu, si wengi, ambao wakila ngano kinga ya mwili wao inageuka na kuujeruhi utumbo. Damu ingeonyesha. Ila vifaa vya kipimo vilikuwa bado havijafika, kwa hiyo arudi mwezi ujao, na mpaka hapo asiache kula ngano. Minza akaitikia. Siku hiyo angeitikia hata kuozwa upya, mradi aruhusiwe kwenda kulala.

Akaenda kwa mama yake, kijijini Mwamapalala, maana binti akiugua anarudi kwao. Na ukiwa kwenu unakula unachopewa. Mama yake, Mayu Felisita, alimpa ugali wa mtama kwa maziwa ya mgando, asubuhi michembe ya viazi vitamu vilivyokaushwa, jioni ugali tena. Nani angethubutu kumwambia mama huyo kwamba daktari ameagiza maandazi? Tumbo likatulia. Mwezi ulipoisha Minza akapita hospitali moja kwa moja, akatoa damu, na habari za michembe hakuzisema. Daktari hasimuliwi mambo ya nyumbani, atakugombeza tu.

Majibu yakatoka safi. Mume wake, Masele, dereva wa bodaboda, aliwasomea ndugu wote kwa simu kana kwamba mkewe amefaulu mtihani.

"Kumbe wifi ulikuwa unakwepa tu kuvuna pamba yetu shambani," alisema Lukresia, dada yake Masele. "Tangu lini Msukuma akaugua chapati?"

Minza akarudi kwenye jiko lake, akala chapati zilizochanika, zisizouzika, kama zamani. Wiki haikuisha, tumbo likarudi na hasira ya mtu aliyefukuzwa kwake. Usiku Masele akasema taratibu, bila ubaya, "Mama Dastan, hospitali wamekwambia huna kitu. Basi hili ni la watu. Twende Sapiwi kwa yule mganga."

Hilo ndilo lililomchosha kuliko kuhara. Karatasi ya majibu ikibaki vile, yeye ni mvivu au amerogwa, hakuna njia ya tatu. Akarudi kwa Daktari Constantine.

"Ulikuwa unakula ngano kabla ya kutoa damu?" daktari akauliza.

Minza akatazama sakafu. "Nilikuwa kwa mama."

"Kwa mama mnakula nini?"

"Mtama. Michembe. Mwezi mzima."

Daktari akafuta uso kwa kiganja. Hakugombeza, labda naye alikuwa amechoka.

"Dada Minza, kipimo hiki kinatafuta moshi. Wewe ulizima moto kwanza, ndipo ukatuita tutafute moshi. Majibu haya hayasemi huna ugonjwa, na hayasemi unao. Kinga yako kwa ujumla tuliipima, haina upungufu, kwa hiyo tukirudia vizuri tutaona. Ule ngano kila siku, mwezi na nusu, kisha tupime tena. Moshi ukionekana, utaenda Mwanza wakuangalie utumbo kwa kamera."

"Na nikiacha tu chapati, nikapona?"

"Utapata nafuu. Ila hutajua ni nini, na nyumbani utabaki bila la kuwaambia."

Minza alilifikiria hilo njia nzima. Mtama ungempa usingizi. Ngano ingempa jina la ugonjwa, au ingemnyima, na kwa vyovyote angelipia chooni.

Kesho yake asubuhi, chai ikitokota, akachukua chapati nzima, siyo iliyochanika, akaikunja, akaanza kutafuna polepole kama anayemeza kidonge kikubwa. Lukresia, aliyekuja kununua za watoto, akamkodolea macho.

"Wifi, si ulisema hizo zinakuua?"

"Ndiyo," Minza akasema, akimega tena. "Shika mwiko huo unigeuzie za wateja. Nikiondoka hapa sijui nitarudi saa ngapi."