Blogi Niliyoona Ikifutwa

Juzi nilikuwa kwa fundi simu hapa Arua, nangoja kioo cha simu yangu kibadilishwe. Mbele yangu mama mmoja wa Koboko, mchuuzi wa mihogo, alikuwa anapunguza blogi kwenye ile programu inayomletea makala mpya zote mahali pamoja. Fundi alisoma majina, mama akaamua.

"Huyu wa Dranya anaandika mara tatu tu kwa mwaka, mama. Nitoe?"

"Wacha. Yeye naenda shamba kwanza, halafu naandika."

"Na huyu wa Arua? Huyu kila siku iko na habari."

Mama hakuinua macho. "Toa. Yeye alisema mihogo iko mingi soko ya Ludara. Mimi nakodi gari, nafika, mihogo hakuna. Huyo mutu hakufika pale."

Fundi akabonyeza mara moja, ikatoka.

Blogi hiyo ni yangu. Habari ya Ludara niliiandika nikiwa kitandani, baada ya kumpigia mtu mmoja simu. Nilichukua simu yangu nikaondoka.

Huwa najisifu kwamba nina wasomaji wengi. Aliyeniamini hadi akafika Ludara alikuwa mmoja, na huyo ndiye niliyempoteza.