Mama Povu Alivyofua Shairi Lake Ukumbini

Mtaa mzima unamwita Mama Povu, na ukimwita jina lingine hageuki. Ni dobi. Asubuhi utamkuta uani kwa wifi yake, mikono imezama kwenye beseni hadi viwikoni, na mdomo nao haupumziki. Anatunga. Kusoma na kuandika hakujaliwa, basi mashairi yake huyafikicha: soksi ni kipande, shati ni mstari, na shuka, ah, shuka ni ubeti mzima.

"Wifi, unafua au unahutubia?" humtania wifi yake, maana wanafua pamoja, beseni kwa beseni.

"Vyote viwili. Wewe mwenzangu unafua na kusengenya."

Ikaja warsha ya ushairi, kwenye ukumbi mdogo nyuma ya zahanati. Iliwaita wale ambao hakuna aliyewahi kuwauliza kama wana la kusema: madobi, wazoa taka, wapagazi, walinzi. Wifi alicheka mpaka akashika mbavu. "Mashairi ni ya waliosoma! Utaenda kututia aibu."

Mama Povu akaenda hivyo hivyo, kila Jumamosi, nguo zake zikinuka sabuni. Mwalimu, binti mpole mwenye miwani, aliwaambia siku ya mwisho watasoma au kughani mbele ya jamaa zao, na sauti zao zitasikika redioni. "Ila shairi liishe," alisema. "Likikatika njiani, siwezi kulipeleka."

Hapo ndipo moyo wa Mama Povu uliposhikwa. Mama yake mzazi alikuwa hatoki kitandani, na rafiki yake wa kutwa nzima ni redio. Alitaka mama amsikie humo.

Siku ikafika. Akasimama mbele, kajipamba, mikono mitupu, akaanza vizuri tu:

*Shati likija beseni, jasho lake kama langu,*
*Awe mkubwa kazini, doa lake kazi yangu...*

Halafu maneno yote yakamkimbia. Akakodoa macho. Mwalimu akawa anatazama kinasa sauti, kidole karibu na kitufe. Vidole vya Mama Povu vikawa vinapapasa hewa, havioni cha kushika.

Wifi yake, kiti cha nyuma, aliona vile vidole. Nani angevijua zaidi yake? Akavua mtandio kichwani, akauviringa, akaurusha juu ya vichwa vya watu. "Fua, wifi! Fua!"

Mama Povu akaudaka, akaufikicha mkavu hivyo hivyo, na beti zikamiminika, moja baada ya nyingine, mpaka akaukamua mtandio kwa nguvu kwenye neno la mwisho. Ukumbi ukalipuka kwa vigelegele.

"Ile kelele ya katikati nitaikata," mwalimu alisema baadaye.

"Thubutu!" Mama Povu akaja juu. "Bila hiyo kelele shairi lisingeisha."

Siku ya kurushwa, Mama Povu na wifi yake walikaa kitandani kwa mama, redio katikati. Mama alisikiliza huku akitikisa kichwa taratibu. Ilipofika "Fua, wifi! Fua!" akashtuka.

"Huyu naye nani, mwenye sauti kama filimbi ya polisi?"

"Ni mimi, mama," wifi akajibu, akitazama chini.

"Sauti yote hiyo! Mbona wewe hukughani lako?"

Mama Povu akamsogelea wifi, akamnong'oneza: "Jumamosi warsha nyingine inaanza, naja kukupitia. Na uvae mtandio ule ule, umeshanyooka."